Mandari Bila Ngano: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kumfungia Chakula Mwenye Siliaki

Siliaki ni ugonjwa gani hasa? Si ni ngano haimkubali tu?

Ni zaidi ya hapo. Siliaki ni ugonjwa wa kinga ya mwili. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri ("barley") na rai, nafaka inayoitwa "rye" kwa Kiingereza. Mwenye siliaki akiila, kinga yake inageuka na kuushambulia ukuta wa utumbo mwembamba. Vile vinyweleo vya utumbo vinavyofyonza lishe vinalika, na chakula kinapita bila kumfaa. Wapo wanaoharisha na kujaa tumbo, na wapo ambao wanachokiona ni upungufu wa damu usiosikia vidonge, uchovu wa kila siku, au mtoto anayevaa nguo zilezile mwaka hadi mwaka kwa sababu hakui. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote.

Aliyeibaini ngano kuwa ndiyo chanzo ni Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Alikuwa akiishuku tangu miaka ya 1930. Kisha ikaja njaa kuu ya Uholanzi, majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate ukaadimika, na watoto wenye siliaki wakapata nafuu wakati wengine wote wanadhoofika. Mkate uliporudi, wakaugua tena.

Wanaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu wajue hili: kwa makadirio ya dunia nzima, siliaki humpata takriban mtu 1 katika 100. Watoto wa Kisahrawi wa Sahara Magharibi walipopimwa miaka ya 1990, waliokutwa nao walizidi 5 katika kila 100. Ni Waafrika hao, na ngano ndiyo chakula chao cha kila siku.

Kiasi gani kinamdhuru? Hata makombo?

Hata makombo. Kipande kimoja cha mkate wa dukani kina gluteni ya gramu 2 au zaidi, yaani miligramu 2,000. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, wagonjwa walipewa miligramu 50 kila siku kwa miezi mitatu, na utumbo wao ukaonekana kuharibika. Hiyo ni sehemu moja tu ya 40 ya kipande hicho. Wataalamu wengi huchukulia miligramu 10 kwa siku kuwa ndio mpaka ambao wagonjwa wengi wanaweza kuuvumilia. Kiwango cha kimataifa cha Codex, ambacho Umoja wa Ulaya na Marekani wanakifuata, ni kwamba chakula kinachoandikwa "gluten-free" kisizidi miligramu 20 za gluteni katika kilo moja.

Na gluteni si mdudu wa kufa kwa moto. Kuchemsha, kuchoma, kukaanga, kuweka kwenye friji, vyote haviiondoi. Dawa ya kutakasa mikono nayo haisaidii, maana inaua vijidudu tu na kuyaacha makombo yalipo. Kinachoiondoa ni maji, sabuni na kusugua.

Je, si rahisi kumfungia chombo chake, sisi wengine tukabeba chapati na sambusa zetu?

Ni rahisi kwa mpishi. Kwake yeye ndiyo njia ya hatari kuliko zote, na ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko jingine lolote katika ukurasa huu: kikapu kizima kiwe bila ngano.

Fikiria mandari yenyewe inavyokuwa. Mkeka umetandikwa, watu wanakula kwa mikono, mtoto anachovya chapati kwenye bakuli la maharage kisha bakuli linapitishwa. Kijiko cha kachumbari kinaangukia kwenye sahani ya maandazi na kurudishwa. Upepo unapeperusha unga wa mikate. Chombo chake ulichokifunga vizuri nyumbani kitafunguliwa katikati ya hayo yote, na kuanzia hapo usafi wako wa jikoni hauna kazi tena. Tena kuna uchungu wa yeye kukaa pembeni na kibakuli chake huku wenzake wakigawana na kuonjeshana.

Na sisi hatuna sababu ya kumtenga. Vyakula vingi vya kwetu havina ngano tangu asili: wali, ugali, mihogo, ndizi, magimbi, viazi, kunde, samaki, kuku, matunda. Kwa siku moja, watu kumi wanaweza kula bila chapati na wakashiba vizuri.

Basi tubebe nini?

Anza na kilicho kizima, ambacho hakijapita kiwandani wala mashineni. Mayai ya kuchemsha yaliyo ndani ya maganda yake ndiyo chakula salama kuliko vyote vya safarini. Viazi vitamu, magimbi na mihogo ya kuchemsha vinavumilia safari. Ndizi mzuzu za kuchoma, mahindi ya kuchoma, karanga ulizokaanga mwenyewe, korosho, embe, nanasi, papai, tikiti, madafu. Hapo tayari una shughuli.

Cha kushibisha: pilau au wali wa nazi kwenye hotpoti, pamoja na kuku wa kuchoma uliyemkoleza kwa ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na chumvi. Samaki wa kukaanga ni mzuri mradi usimpake unga wa ngano kabla ya kumtia kwenye mafuta. Unga wa mchele unamfanya akauke na kulika kwa kelele vilevile, na kwa ladha yangu unaushinda wa ngano.

Kwa utamu, kashata za nazi na za karanga za kutengeneza nyumbani hazina ngano. Mkate wa kumimina, kwa wanaoujua, ndio keki yetu: mchele uliolowekwa na kusagwa kwa tui la nazi, sukari, iliki, hamira na ute wa yai. Hamira ya kawaida ya kuumulia haina tatizo. Paka sufuria mafuta tu, usinyunyize unga. Ukiukata vipande mapema na kuufunga vizuri, unafika ufukweni ukiwa laini bado, na sijaona mgeni aliyeuliza keki ya ngano iko wapi.

Kaimati, visheti, maandazi, tambi na bokoboko vibaki nyumbani. Bokoboko ni ngano yenyewe, pamoja na nyama yote inayopondewa humo.

Vitumbua na bajia vya kununua njiani vinafaa?

Ukivipika mwenyewe, ndiyo. Vya kununua, mimi sivibebi. Kitumbua cha asili ni mchele, lakini wapo wauzaji wanaochanganya unga wa ngano kidogo ili rojo lishikane na gharama ipungue. Si kosa lao, hawajui kwamba kuna mtu wa kudhurika. Bajia za kunde na za dengu nazo hupata ngano kidogo kwa sababu hiyohiyo, au hukaangwa kwenye karai lililotangulia kukaanga sambusa na maandazi. Mafuta yaliyokaanga ngano yamebeba ngano. Viazi karai hufunikwa kwa rojo la unga, na katlesi mara nyingi huviringishwa kwenye chenga za mkate. Nyumbani chovya katlesi kwenye yai peke yake, au unga wa mchele kisha yai, zitatoka nzuri kabisa.

Urojo uache. Uzito wake mara nyingi unatoka kwenye unga wa ngano.

Viungo vina shida? Pilipili manga nayo ina ngano?

Viungo vizima havina shida: iliki, mdalasini, karafuu, bizari nzima, pilipili manga ya punje. Vya kusagwa ndivyo vya kuulizia, kwa sababu vinaweza kuwa vimesagwa au kupimwa kwenye kinu na mizani ileile ya unga. Nunua vizima, vipembue, kaanga kidogo, twanga mwenyewe.

Mvuje ujihadhari nao. Ule wa kopo unaouzwa kwenye maduka ya viungo kwa kawaida umechanganywa na unga, na mara nyingi unga huo ni wa ngano. Watu wengi wanautia kwenye dengu na achari bila kufikiria. Sosi ya soya ya kawaida imetengenezwa kwa soya na ngano, kwa hiyo mishikaki iliyolala nayo usiku kucha haimfai, hata kama nyama ni ileile. Viungo vya mchuzi vya pakiti na vya kidonge visome maandishi yake kila unaponunua, maana mtengenezaji anaweza kubadili mchanganyiko bila kubadili pakiti. Soseji na smoki nyingi zimejazwa ngano.

Kwenye pakiti nitafute maneno gani?

Bidhaa nyingi za madukani kwetu zimeandikwa kwa Kiingereza. Ukiona "wheat", "barley", "rye", "malt" au "semolina", irudishe rafuni. Mkate wa rangi ya kahawia ni ngano tu, hauna nafuu. Suji ni ngano. Pakiti iliyoandikwa shayiri iangalie vizuri, maana jina hilo hutumika kwa nafaka mbili: ile ya kutengenezea kimea ("barley") ina gluteni, usiibebe kabisa; ile ya uji wa asubuhi ya vipande bapa ("oats") usiibebe isipokuwa imethibitishwa kuwa haina gluteni, na hata hiyo wapo wagonjwa wachache inayowaumiza. Alama ya suke la nafaka lililokatwa kwa mstari, unayoiona kwenye baadhi ya bidhaa za Ulaya, ni ya kuaminika.

Unga wa mahindi, mtama au ulezi wa mashineni ni salama?

Nafaka zenyewe ni salama. Mashine ndiyo mashaka. Kwenye mashine nyingi za mtaani, leo panasagwa mahindi, kesho ngano, keshokutwa unga wa lishe wenye kila kitu. Mawe ya kusagia hayaoshwi, na vumbi jeupe limeganda kila mahali. Kuwahi asubuhi ili uwe wa kwanza hakutoshi, kwa sababu unga wa jana bado umo ndani.

Kama kuna mashine mtaani kwenu inayosaga mahindi peke yake, na mwenye mashine amekuhakikishia, mng'ang'anie. Vinginevyo nunua nafaka nzima, ichambue punje kwa punje kwa kuwa magunia huchanganyika sokoni, ioshe, ianike juu ya kitambaa safi, kisha isage nyumbani kwa blenda kavu. Kwa vitumbua na mkate wa kumimina huna haja ya unga hata kidogo: mchele unalowekwa na kusagwa mbichi.

Unga wa lishe wa kununua uache kabisa mpaka ujue kila kilichomo. Ngano huwemo mara nyingi.

Vyombo je? Ninunue vipya vyote?

Si vyote. Chuma cha pua, kioo na udongo uliong'arishwa vinasafika kwa sabuni, maji mengi na dodoki jipya. Dodoki la zamani lililosugua sufuria za tambi litakurudisha ulikotoka. Mbao na vitu vyenye nyufa ndivyo visivyosafika: mwiko, kibao cha kukatia, kibao cha chapati, kinu kilichotwangiwa ngano, chekeche la unga. Vya namna hiyo awe na vyake, uvipake rangi mpini ili mtu asivichukue kwa bahati mbaya. Kikaango cha chapati kilichokwaruzika usikikaangie yai lake.

Siku ya kupika, usisukume chapati za mtu mwingine jikoni humo. Vumbi la unga linaelea hewani kwa muda mrefu na kutua juu ya vyakula vilivyo wazi. Pika vyake, funga, funika, ndipo wenye chapati zao waingie.

Ukifunga safari ya Kenya au Tanzania, kumbuka mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku, Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania bara tangu Juni 2019. Kikapu cha ukili, vyombo vyenye vifuniko na kitambaa safi cha kutandika chini ya chakula chake vinatosha. Kitambaa hicho ni muhimu, kwa sababu meza za bustanini zimeliwa juu yake na watu wengi kabla yenu.

Tukifika ufukweni anaweza kununua muhogo au mishikaki?

Coco Beach pale Dar es Salaam bila muhogo inakuwa kama haijakamilika, najua. Muhogo wa kuchomwa kwenye mkaa, wenye chumvi, ndimu na pilipili, unaweza kumfaa, mradi wavu ule haupashi mikate. Wa kukaangwa, tazama karai kwanza kisha uliza: "Kaka, mafuta haya unakaangia nini kingine?" Akisema muhogo tu, vizuri. Akitaja sambusa au maandazi, mshukuru na uendelee. Uliza kwa upole na usijibiwe kwa ishara ya kichwa tu, maana muuzaji aliyezungukwa na wateja atakuitikia ndiyo kwa kila swali.

Mishikaki ya barabarani mimi naikataa kwa sababu ya kile ilicholowekwa ndani yake, ambacho hata anayechoma mara nyingi hakukichanganya yeye. Ni bora mbebe nyama yenu, wavu wenu na mkaa. Kama mnalazimika kutumia jiko la watu, zungushia nyama yake karatasi ya foili.

Vinywaji?

Maji, madafu, juisi ya ukwaju, ya ubuyu au ya miwa, chai ya viungo kwenye chupa. Bia ya kawaida ni ya shayiri, na vinywaji vya kimea visivyo na kileo navyo ni hivyohivyo. Watoto hupewa sana vinywaji vya unga vya chokoleti vyenye kimea: soma kopo kwanza.

Chakula kitakaa saa ngapi bila kuharibika?

Hili halihusu gluteni, lakini mwenye utumbo ulioumia hahitaji sumu ya chakula juu yake. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Cha moto kibaki juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya nyuzi 5. Kwenye jua la Januari la pwani, usisubiri hizo saa mbili ziishe. Wali ndio wa kuogopwa zaidi: uingie kwenye hotpoti ukiwa bado unatoa mvuke na uliwe wa kwanza. Kuku wa kupoa alale kwenye deli lenye barafu. Matunda ambayo hayajamenywa yatawasubiri.

Shangazi amekuja na maandazi aliyoyakesha akipika. Nitamwambiaje?

Mwambie mapema, kabla ya siku yenyewe, na umpe kazi mbadala, kwa sababu mtu mzima akinyimwa nafasi ya kulisha anaumia kweli. "Shangazi, shikamoo. Safari hii tunakutegemea wewe kwa matunda na kashata za nazi, hakuna anayezipatia kama wewe. Ngano hatubebi kabisa, inamlaza mdogo wangu hata ikiwa chembe." Wengi wakishaelezwa hivyo, wanakuwa walinzi wakali kuliko wewe.

Akifika nayo hata hivyo, yapokee kwa mikono miwili na uyaweke garini. "Ahsante sana, Shangazi, haya tutayanywea chai jioni nyumbani." Usiyafungue mkekani. Na mgonjwa asilazimishwe kuonja kwa ajili ya heshima. Hilo liseme wewe, usimwachie yeye, hasa akiwa mdogo kwa umri mbele ya wakubwa.

Mgonjwa ni mtoto wa miaka sita. Nitamlindaje na biskuti za wenzake?

Mfundishe sentensi moja na aiseme bila aibu: "Naomba nimuulize mama kwanza." Mwekee mfukoni kitu kitamu kuliko biskuti, ili asiwe na cha kutamani. Nawisha watoto wote mikono kwa sabuni kabla ya kula, siyo yeye peke yake. Na kama atakwenda na shule, ongea na mwalimu ana kwa ana. Karatasi iliyotumwa kwenye begi haifiki.

Amekula ngano kwa bahati mbaya. Nifanye nini?

Hakuna dawa ya kuitoa, na kumtapisha hakufai. Dalili zinaweza kuanza baada ya saa chache na kudumu siku kadhaa: tumbo, kuharisha, kutapika, kichwa kizito. Mpe maji, na kama anaharisha mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Mpeleke hospitali akishindwa kushikilia maji tumboni au akiishiwa nguvu. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, hiyo si siliaki, huenda ni mzio, na ni dharura ya papo hapo.

Akila na asionyeshe dalili yoyote, usiseme "umeona, kumbe anaweza". Utumbo unaweza kuumia kimyakimya.

Nikisoma haya naona dalili zangu mwenyewe. Niache ngano kuanzia leo?

Usiache bado. Nenda kapimwe kwanza. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili ambazo mwili unazitengeneza dhidi yako wakati unakula gluteni, na mara nyingi daktari huthibitisha kwa kuchukua kipande kidogo cha utumbo kwa mpira wenye kamera. Ukiacha ngano kabla ya vipimo, kingamwili zinapungua, utumbo unaanza kupona, na majibu yanaweza kusema huna ugonjwa ambao unao. Endelea kula kama kawaida, mweleze daktari dalili zako zote pamoja na upungufu wa damu kama unao, na mtaje kabisa ugonjwa huo kwa jina, kwa kuwa kwetu si wa kwanza kufikiriwa. Kama una ndugu wa damu mwenye siliaki, wazazi, watoto au wa tumbo moja, liseme hilo pia, maana uwezekano wako ni mkubwa kuliko wa watu wengine.